Dipoli kwenye uga wa umeme: hiyo kazi kaifanya nani?

Juzi hapa Magomeni, Bagamoyo, kwenye kibaraza ninapofundishia tuisheni ya fizikia jioni, vijana wawili wa fom siksi nusura wakosane kwa ajili ya alama moja tu ya hasi. Swali lenyewe la kawaida kabisa, dipoli imelala sambamba na uga wa umeme, ikazungushwa mpaka nyuzi 60, tafuta kazi iliyofanyika. Mmoja kapata jouli 0.005. Mwenzie kapata hasi 0.005. Wamerudia hesabu mara tatu, kila mtu kashikilia lake, alafu wakanigeukia, "Haya mwalimu, nani kakosea?" Nikawaambia hakuna aliyekosea, wote mko sawa, swali ndo lina kasoro maana halijasema kazi imefanywa na nani.

Wakaniangalia kama mtu anayekwepa deni. Basi ikabidi tuache hesabu tushuke kwanza ufukweni kwa mawazo, na nilichowaeleza siku ile ndo hiki nakiandika hapa, maana naona hii mada inawatesa wengi bila sababu. Ile fomula ya nishati ya dipoli, U = −pE cos θ, watu wanaimeza kama hirizi, wanaijua kwa kichwa ila ukiuliza hiyo hasi imetoka wapi, au kwa nini kosaini na sio kitu kingine, kimya.

Dipoli ni chaji mbili zenye ukubwa sawa, moja chanya moja hasi, zimeachana kidogo na zimefungwa pamoja haziachani tena. Ukizijumlisha unapata sifuri. Lakini sifuri hiyo isikudanganye, kitu kipo, na ukubwa wake tunaupata kwa kuzidisha chaji moja na umbali uliopo kati yao, p = qd, alafu tunachora mshale kutoka kwenye hasi kwenda kwenye chanya. (Kwenye kemia utakuta mshale mara nyingi unachorwa kinyume chake. Usibishane nao, ukirudi kwenye fizikia we geuza tu.) Na uga wa umeme ni hali ya mahali, yaani ukiweka chaji pale inasukumwa, ile chanya inasukumwa kule uga unakoelekea na ile hasi inasukumwa kinyume, zote kwa nguvu ya qE, E ikiwa ndo ukubwa wa uga.

Sasa chukua mtumbwi. Asubuhi pale karibu na soko la samaki, maji yamejaa, mtumbwi unaelea na omo, yaani ncha ya mbele, inatazama mashariki, kwenye kina. Jamaa mmoja kashika omo anaisukuma kuelekea kaskazini. Mwingine kashika tezi, yaani ncha ya nyuma, anaisukuma kuelekea kusini, na nguvu zao sawasawa hakuna aliyemzidi mwenzie. Mtumbwi hautaenda kaskazini wala kusini, ila utazunguka, na utazunguka mpaka omo itazame kaskazini kabisa, hapo hata wakisukuma kutwa nzima hauzunguki tena maana kila mmoja anauvuta kwake kama wanataka kuurefusha. Omo ndo chaji chanya, tezi ndo chaji hasi, kaskazini ndo uelekeo wa uga, na pembe kati ya mtumbwi na kaskazini ndo ile θ yenu. Hiyo nguvu ya kuzungusha tunaiita momenti, na ukubwa wake ni pE sin θ: mtumbwi ukikaa upande kabisa, nyuzi 90, momenti ni kubwa kuliko wakati wowote, ukikaa sambamba ni sifuri.

Kuna mkao mwingine wa sifuri ambao watu wanausahau. Omo ikitazama kusini kabisa, nyuzi 180, jamaa wawili wanakuwa wanasukumana mtumbwi ukiwa katikati yao, na hauzunguki. Lakini likipita wimbi dogo tu likauyumbisha hata kidole kimoja, basi, unageuka wote mpaka kaskazini. Kwa hiyo nyuzi 0 na nyuzi 180 zote hazina momenti ila hazifanani hata kidogo, moja ni kama jiwe lililo shimoni na nyingine ni jiwe lililosimamishwa juu ya ncha ya kichuguu.

Haya, kazi sasa. Kazi ni nguvu mara umbali uliosogea kwenye uelekeo wa ile nguvu, hilo mnalijua toka madarasa ya chini. Vitabu vingi hapa vinakimbilia intigrali ya saini, sio vibaya, ila mi naona inaficha kinachotokea. We waangalie wale jamaa wawili tu. Omo ipo umbali wa d/2 kutoka katikati ya mtumbwi, na ukipima imefika kaskazini kiasi gani kutoka hapo katikati unapata (d/2) cos θ. Basi, kosaini imetokea hapo, ni kivuli cha mtumbwi kwenye mstari wa kaskazini na kusini, hakuna maajabu mengine. Mtumbwi ukizunguka kutoka θ1 hadi θ2, omo imesogea kaskazini kwa (d/2)(cos θ2 − cos θ1), na wa omo kafanya kazi ya qE mara huo umbali. Wa tezi nae, tezi yake imesogea kusini umbali uleule, na anasukuma kusini, kwa hiyo kazi yake ni ileile. Jumlisha wawili, nusu na nusu inakuwa nzima, unapata

kazi ya uga = pE(cos θ2 − cos θ1)

Bila intigrali.

Alafu anatokea mtu wa tatu. Wewe. Unakuja kuushika mtumbwi ambao umeshatulia ukitazama kaskazini na unaugeuza kwa nguvu dhidi ya hao jamaa, taratibu sana, ili usiwe na mwendo wowote wa ziada ukifika (hilo neno taratibu lina uzito, kama ungeusukuma kwa kasi sehemu ya jasho lako ingeenda kwenye mwendo na hesabu ingebadilika). Ukienda taratibu, kila wanachofanya wao wewe unafanya kinyume chake, ndo maana

kazi yako = pE(cos θ1 − cos θ2)

Namba za wale vijana zilikuwa p ya 2×10⁻⁸ C·m na uga wa 5×10⁵ N/C, kwa hiyo pE ni jouli 0.01. Kutoka nyuzi 0 mpaka 60, kosaini inashuka kutoka 1 hadi 0.5. Kazi ya mkono uliozungusha ni 0.01 × 0.5, jouli 0.005. Kazi ya uga ni hasi 0.005, maana uga ulikuwa unavutia huku dipoli inapelekwa kule. Huyu kahesabu mfuko wa mkono, yule kahesabu mfuko wa uga. Ndo mzozo wote ule.

Na hela haijapotea. Ukiachia mkono, wale jamaa wawili wanaurudisha mtumbwi wenyewe na sasa kazi yao inakuwa chanya 0.005, yaani ulicholipa kilikuwa kimewekwa kwenye mkao. Hiyo akiba ndo tunaiita nishati ya dipoli ndani ya uga, na ni mali ya wote wawili, dipoli na uga kwa pamoja, sio kitu kilichojificha ndani ya dipoli peke yake kama samli kwenye chupa.

Mmoja wao akauliza swali zuri kweli. Kama 0 hadi 60 ni jouli 0.005, basi hadi 90 itakuwa 0.0075 si ndio? Hapana. Hadi 90 ni 0.01 kamili. Yaani nyuzi 60 za mwanzo zimegharimu sawasawa na nyuzi 30 zilizofuata. Hapa mtoto wa pwani hahitaji grafu, maji yanatosha kumuelewesha. Maji yakishatulia kwenye kupwa yakaanza kujaa, saa ya kwanza unaona kama hayajasogea, yanajivuta tu. Saa ya tatu na ya nne ndo yanakuja mbio, uliyeacha ndala zako mchangani unazifuata majini, alafu karibu na kujaa yanalegea tena. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria hilo, saa 6 za kujaa wanazigawia sehemu 12 hivi: moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Sasa chukua nyuzi 180 uzigawe kwa saa 6, kila saa nyuzi 30. Saa 2 za mwanzo, yaani nyuzi 60, maji yamepanda sehemu 3 kati ya 12, robo. Na dipoli ikigeuzwa nyuzi 60, nishati imepanda robo ya safari nzima kutoka −pE mpaka +pE. Robo kwa robo! Sio bahati, maji kupanda na kushuka yanafuata kwa kukadiria umbo hilohilo la kosaini.

Hapo unaelewa na kitu kingine kinachochanganya watu, eti inakuwaje kwenye nyuzi 90 nishati ni sifuri wakati momenti ndo kubwa kuliko zote. Maji yakiwa nusu, hayajajaa wala hayajapwa, ndo yanakimbia kuliko saa zote. Kiwango ni kitu kingine na kasi ya kubadilika kwa kiwango ni kitu kingine, momenti inahusiana na hicho cha pili.

Tufike kwenye sifuri sasa, na ile hasi. Nani kasema nyuzi 90 ndo sifuri? Sisi wenyewe. Tumechagua. Mvuvi anaweza kuchora alama kwenye nguzo ya mkoko akasema hapa ndo sifuri yangu, maji yakiwa chini ya alama anasema hasi, na haina maana kwamba bahari imekauka au inadaiwa. Jirani yake akichora alama yake chini zaidi namba zao zitatofautiana kila siku, ila ukiwauliza leo maji yamepanda kiasi gani kutoka asubuhi watakupa jibu moja. Dipoli hivyohivyo. Ukitaka weka sifuri kwenye nyuzi 0, fomula yako itakuwa U = pE(1 − cos θ), hakuna hasi popote, na kila swali la kazi litatoa jibu lilelile.

Ila nyuzi 90 haikuchaguliwa ovyo. Ukikaa upande, omo na tezi zipo usawa mmoja, hakuna iliyotangulia kaskazini. Ukiileta dipoli kutoka mbali kusiko na uga kabisa, ikiwa imekaa upande hivyo muda wote, chochote utakacholipa kwa ajili ya chaji chanya unarudishiwa kwenye chaji hasi palepale, gharama ya safari ni sifuri. Kwa hiyo dipoli iliyokaa upande ndani ya uga ina nishati sawa na dipoli iliyo nje ya uga, na hapo ndo pa kuweka sifuri kwa mtu mwenye akili timamu. Toka hapo, ukiiacha ijilaze sambamba na uga inashuka hadi −pE, yaani iko shimoni na kuitoa lazima mtu alipe. Ukiibirua mpaka nyuzi 180 inapanda hadi +pE. Kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa ni 2pE, kwa namba za wale vijana jouli 0.02. Ile hasi kwenye fomula inasema hilo tu, kwamba kulala sambamba ndo chini.

Sasa tuache mitumbwi twende kwenye dipoli za kweli, na iliyo karibu na kila mtu ni maji. Molekyuli ya maji imepinda, zile haidrojeni mbili zimeachana kwa pembe ya nyuzi kama 104.5, na oksijeni inazivutia elektroni upande wake, kwa hiyo upande mmoja una uhasi kidogo na mwingine uchanya kidogo. Kabonidayoksaidi nayo ina vifungo vya namna hiyo ila imenyooka kama rula, pande mbili zinafutana, dipoli yake sifuri. Ya maji ni 6.17×10⁻³⁰ C·m, au debye 1.85 ukitumia kipimo chenye jina la Peter Debye, Mholanzi aliyezaliwa Maastricht 1884 na kupewa Nobel ya kemia 1936, sehemu kwa ajili ya kazi yake juu ya dipoli hizihizi.

Hapa napenda kuwaharibia watu picha ya kitabuni. Unajua ile picha ya maji kati ya bamba mbili za kapasita, molekyuli zote zimejipanga kama wanafunzi paredi? Tupige hesabu. Chukua uga mkubwa, volti milioni 1 kwa mita, karibu theluthi ya ule unaoifanya hewa ipasuke cheche. pE inakuwa jouli 6.17×10⁻²⁴. Upande wa pili kuna joto, kwenye halijoto ya kawaida kila molekyuli inasukwasukwa na nishati ya kama jouli 4.1×10⁻²¹. Linganisha, msukosuko ni mkubwa mara 670 hivi kuliko nishati ya kujipanga. Wastani wa kosaini ukipigia hesabu molekyuli iliyo peke yake unakuja kama 0.0005, yaani hakuna paredi yoyote, ni fujo ya sokoni iliyoinama upande mmoja kwa unywele. Na bado huo unywele, kwa sababu molekyuli ni nyingi kupita kiasi na zinasaidiana, unatosha kuyafanya maji yapunguze uga mara 80.

Lakini usidhani dipoli ya maji ni dhaifu siku zote. Pale Nunge kwenye mashamba ya chumvi wanakausha maji ya bahari jua likiwaka mpaka chumvi inabaki, na wewe unaichukua ileile nyumbani unaitupa kwenye sufuria inapotea kwa nukta chache. Ayoni moja ya chumvi ikiwa nanomita 0.3 kutoka kwenye molekyuli ya maji, uga wake pale ni kama volti bilioni 16 kwa mita. Zidisha na dipoli ya maji unapata karibu jouli 10⁻¹⁹, zaidi ya mara 20 ya msukosuko wa joto. Hapo molekyuli ya maji haina ujanja, inageuka na kuing'ang'ania ayoni, na wenzie wanafuata. Nishati inayoshuka dipoli hizo zinapojilaza ndo sehemu kubwa ya malipo ya kuivunja fuwele ya chumvi, kilichobaki kinamaliziwa na fujo la joto lenyewe.

Kitu kimoja nakipitia haraka. Yote haya nimechukulia uga uko sawa kila mahali. Ukiwa na nguvu zaidi upande mmoja, wale jamaa wawili wa mtumbwi hawalingani tena, kwa hiyo dipoli ikishajilaza inavutwa vilevile kuelekea kwenye uga mkubwa. Ndo kitana ulichosugulia nywele kinavyonyanyua vipande vya karatasi. Ila karatasi haikuwa na dipoli yake iliyopangika toka mwanzo, uga ndo umeitengeneza, na hapo nishati ni nusu tu, −½pE, kwa sababu nusu nyingine imetumika kuzitanua zile chaji. Ukikuta nusu kwenye fomula ya kitabu kimoja na kingine hakina, hiyo ndo sababu.

Tumalizie na maikrowevu. Ndani yake uga unabadilika kwa gigahezi 2.45, yaani unageuka huku na huku mara bilioni 4.9 kila sekunde, na dipoli za maji zinajaribu kuufuata. Watu wanasema masafa hayo yamechaguliwa kwa sababu ndo molekyuli ya maji inapoitikia kwa mwangwi. Sio kweli, maji ya halijoto ya kawaida yanameza zaidi kwenye kama gigahezi 20. Kinachofanya kazi ni kuchelewa. Kama dipoli ingeufuata uga bila kuchelewa hata kidogo, kazi ambayo uga unaifanya ingerudishwa yote kila mzunguko, mwisho wa siku sifuri. Kama dipoli isingesogea kabisa, sifuri vilevile. Lakini inasogea huku inagongana na majirani, inabaki nyuma, kila mzunguko uga unalipa zaidi ya unachorudishiwa, na hiyo tofauti ndo joto.

Ndo maana ukitoa pweza kwenye friza akiwa jiwe ukamtia kwenye maikrowevu, unamkuta pembeni kaiva anatafunika na katikati bado barafu. Kwenye barafu molekyuli zimefungwa mahali pake, haziwezi kugeuka kwa kasi ile, uga unapita ndani yake karibu bure. Pale pembeni palipoyeyuka kidogo dipoli zimepata uhuru, zinachelewa, zinameza, panaiva zaidi, panameza zaidi. Yule kijana wa jibu hasi akacheka akasema, "Kwa hiyo mwalimu hapa kazi kaifanya uga." Mwenzie akamjibu, "Uga gani bwana, kafanya LUKU ya mama."